Boga la Paka wa Katarina

Antonia aliolewa katika kijiji cha Buger mwaka wa njaa, akaikuta nyumba ya mumewe Yohani ingali na vitu vyote vya mke wa kwanza, marehemu Katarina: vyungu, kinu, na paka wa kijivu asiyetaka kumtazama usoni. Mke wa pili hupimwa kwa marehemu, na marehemu hakosei. Antonia alijua kwamba paka yule akifa mikononi mwake, kijiji kizima kitasema ameanza kumfagia mwenzake.

Nyama ilikuwa adimu. Akawa anampa mabaki ya kabeji iliyokaangwa kwa vitunguu vya Mang'ola. Kuuliza si ujinga, lakini bibi harusi gani huuliza paka anakula nini? Yohani alipokwenda Mang'ola kupakia malori ya vitunguu, paka akalegea. Fizi zikapauka, mkojo ukawa mwekundu.

Asubuhi moja Antonia alikuta bakuli la paka limeoshwa. Kabeji ilikuwa imemwagwa jaani, na bakulini mlikuwa na boga lililopondwa, bado la moto. Mlango ulikuwa na komeo kwa ndani. Mafiga yalikuwa baridi.

Alikimbilia kwa jirani, Mama Germana.

"Umempa kitunguu?" mama akauliza. "Kitunguu kinamuua paka, mwanangu, hata kikipikwa. Katarina alikuwa anampondea boga la kuchemsha, kijiko tu, bila chumvi wala mafuta, anachanganya na dagaa."

"Ni wewe uliyeingia kwangu?"

"Mimi, na magoti haya?" Mama akageuza uso. "Mambo hayo usiniulize."

Antonia aliogopa. Hata hivyo alirudi, akachemsha boga, akaliponda na dagaa. Kisha akasema kwa sauti, jikoni hamna mtu, "Dada, sikujua. Niachie nimlishe mimi." Kitu kikasogea nyuma ya kinu, kikatulia.

Paka akapona polepole, akaanza kulala miguuni pake. Bakuli halikuguswa tena na mkono mwingine.

Baadaye homa ikamwangusha Antonia, Yohani akiwa bado safarini. Kulipokucha hakuweza hata kuinua kichwa. Komeo lilikuwa mahali pake na moto haukuwashwa, lakini kando ya kitanda palikuwa na bakuli la uji linafuka mvuke. Alijikaza akajiinua kwa kiwiko. Kisha akaunywa wote huku analia, maana tangu aingie nyumba ile hakuna aliyewahi kumpakulia.