Kitenzi Alichoachiwa Kasiva

Nthenya alikuwa juu ya ngazi, broka wa machungwa akipiga honi kule barabarani, alipoona kwamba machungwa yote ya mti ule yamegeuza vitovu vyao upande wa njia. Akatazama mti wa pili. Vilevile. Shamba zima, kuanzia zizi la ng'ombe hadi kijitoni, kila chungwa lilikuwa limegeukia njia kama watoto wa shule gwarideni. Njiani alikuwa amesimama Kasiva, dada ya mumewe, na mfuko wa nguo za wateja kwapani.

"Aunti, umeamkaje?"

"Nimeamka."

"Umesimama hapo kitambo?"

"Kidogo tu. Naangalia."

"Basi geuka kidogo nichume. Yakikugeukia hivi vikonyo vinajisokota, mkasi haukati."

Kasiva akageuka, akaendelea na safari ya kwenda sokoni Nunguni, ambako alikuwa amekodi chumba cha cherehani. Machungwa yakarudi mahali pake polepole, na Nthenya akachuma.

Kasiva alikuwa na wivu, wala hakuuficha. Mulwa, mdogo wake, alikuwa na shamba lote la baba yao hapa Kilungu, na nyumba ya mawe, na tangi la maji la kijani linaloonekana kutoka barabara kuu. Alimwonea Mulwa wivu asubuhi anapokwenda kazini na jioni anaporudi. Alimwonea Nthenya wivu kwa sababu ya ngazi. Alimwonea wivu hata mbwa, aliyelala kivulini mchana kutwa bila mtu kumuuliza aliolewa wapi.

Baba yao, mzee Musyimi, alisoma seminari mpaka siku alipomwona mama yao akiteka maji. Akaacha upadri, akahamia kanisa la mkewe, akaacha rozari na uvumba. Kilatini tu ndicho ambacho hakukiacha. Siku ukoo ulipokutana baada ya mazishi yake, Mulwa alisema shamba ni lake. Kasiva akauliza, na mimi?

"Wewe baba alikuachia Kilatini," Mulwa akajibu, na watu wakacheka mpaka chai ikawapalia.

Ilikuwa kweli. Walipokuwa watoto, mzee alipenda kupogoa miti huku akifundisha, na alianza na kitenzi kimoja, kile cha kutazama. Mulwa alitumwa maji akakaa huko kisimani. Kasiva alibaki chini ya ngazi, akashika. *Specere*, mzee alisema, ni kutazama, lakini Warumi hawakukipenda kikiwa peke yake. Walikitangulizia kitu mbele ndipo wakakitumia.

"Kama wanawake wa huku," Kasiva alisema. "Mpaka uwe mke wa fulani."

Mzee alicheka karibu aanguke. Kisha akaendelea. *Aspicere* ni kutazama kitu mkiwa uso kwa uso. *Despicere* ni kutazama kutoka juu, na maana yake pia ni kudharau. *Suspicere* ni kutazama kutoka chini, na Warumi walikitumia kwa mtu wanayemstahi, na pia kwa mtu wanayemshuku, kwa sababu wote wawili unawainulia macho. Kasiva alivipenda vyote. Alipoolewa Ikutha alikwenda navyo, na ndoa ilipovunjika alirudi navyo.

Sasa alikuwa anavitumia. Jumapili moja alipanda mpaka kwenye mwamba ulio juu ya shamba, akatazama chini kwa muda wa ibada moja, na miti ikafupika ikawa ya kufika magotini. Nthenya alichuma wiki hiyo akiwa amekaa kwenye kigoda. Alisema ni afadhali, mgongo umepumzika. Wiki iliyofuata Kasiva alikaa kijitoni akainua macho, na miti ikarefuka mpaka ngazi haikufaa tena. Machungwa yakaiva huko juu, yakaliwa na ndege.

Mulwa akamfuata kwenye chumba chake cha cherehani.

"Dada, unataka nini?"

"Upande wa kijitoni."

"Upande wa kijitoni una miti inayozaa kuliko yote."

"Najua. Mingine niliimwagilia mimi."

"Utaolewa tena, halafu nigawane mpaka na mwanamume wa Ikutha?"

"Mwanamume wa Ikutha sina. Nina macho."

Mulwa akaondoka bila suruali aliyoleta kupunguzwa.

Kasiva akabaki na njia moja ambayo hakuwa ameitumia. *Perspicere*, baba alisema, ni kutazama mpaka upande wa pili, ukaona kilichomo ndani. Hicho kinachosha, alisema, usikitumie ovyo. Siku ya Jumatatu Kasiva alifunga chumba, akaja, akasimama kwenye ukingo wa shamba, akatazama ardhi. Adhuhuri ilipofika, udongo ulikuwa umeanza kung'aa. Alasiri ulikuwa wazi kama maji ndani ya glasi. Mizizi ilionekana ikishuka na kushikana, mawe yalionekana, mafuko walionekana wakila viazi vya Nthenya. Na kutoka njiani hadi kijitoni, goti moja chini ya ardhi, ulionekana mstari ulionyooka wa visiki vya mkonge.

Ukambani mkonge uliopandwa kwa mstari ni mpaka. Mtoto wa chekechea anajua. Mzee Musyimi aliupanda aliposikia ndoa ya Ikutha inayumba. Alipokufa, wakati mwili ungali mochari, Mulwa aliukata, akafukia visiki, na hema la wageni likasimamishwa juu yake. Kasiva alikaa chini ya hema hilo akilia. Majirani waliokuwa wamemsaidia mzee kupanda nao walikuwa hapo, wakala wali.

Ukoo ukaitwa. Walikaa juu ya ile ardhi, viti vikionekana kama vinaelea, na mzee Mutie, mwenyekiti wa ukoo, akainama akaufuata mstari kwa fimbo.

"Mulwa, hii ni nini?"

"Mkonge. Mzee alipanda wa kusokotea kamba."

"Kwa mstari?"

"Alipenda usafi."

Mzee Mutie akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyejibiwa. Kisha akamgeukia Kasiva. Kwao mtu mwenye jicho zito hafukuzwi. Anapewa kiti, anapewa chai, na anaombwa ateme mate kidogo juu ya kitu alichokitazama. Mate yanasema: nimekiona, sina kinyongo nacho. Kitu kinapona, na watu wanaenda nyumbani.

"Mwanangu," alisema mzee Mutie, "tema mate, ardhi ijifunike. Hayo mengine tutaongea."

"Tuongee kwanza."

"Udongo ukikaa wazi hivi jua litachoma mizizi. Miti ya baba yako itakufa."

"Baba alinipa upande ule. Mnauona."

"Tunauona."

"Katiba pia inasema binti anarithi."

"Katiba tuliipigia kura, mama. Hatukusema tutaileta huku."

Watu wakacheka. Nthenya akaleta chai, akampa Kasiva kikombe kizuri kuliko vyote, kile cha wageni, na wote wakangoja. Kasiva akanywa. Mate yalimjaa mdomoni. Kama angetema, udongo ungefunga, na mstari ungerudi gizani, na yeye angekuwa amesema mbele ya ukoo kwamba hana kinyongo. Alikuwa nacho. Aliwaza kwamba kitu kinachoonekana na kila mtu, mchana, hakuna atakayeweza kukikana. Akameza.

"Sitemi," alisema.

"Haya," mzee Mutie akasema, na akaomba sukari.

Miti haikufa. Jua lilipopenya, Mulwa aliweza kuona ni mzizi gani una kiu na ni upi umeshiba, akamwagilia kwa kipimo. Mafuko aliwachoma kwa mkuki kutoka juu bila kubahatisha. Msimu huo kreti zilizidi, na broka akaanza kuja na lori kubwa. Walimu walileta watoto wa shule kusoma mizizi, na walipofika kwenye visiki mwalimu alisema, huu ni mkonge, *Agave sisalana*, akapita. Hakuna aliyekana chochote. Ungemuuliza mtu yeyote sokoni mpaka wa Kasiva uko wapi, angekuonyesha kwa kidole mpaka pale unapofika kijitoni, halafu angekuuliza kama unanunua nyanya.

Kasiva aliendelea kupita pale asubuhi na jioni, na aliendelea kutazama. Machungwa yalimgeukia. Nthenya alikuwa amezoea kumngoja apite kwanza.

Siku ya kuvuna, Mulwa alibeba kreti begani kutoka upande wa kijitoni kwenda kwenye lori. Alimsalimia dada yake kwa sauti, bila kinyongo. Alipofika kwenye mstari akainua mguu juu sana, akauvuka, kisha mguu wa pili, ingawa visiki vilikuwa chini kabisa na hapakuwa na kitu cha kumkwaza. Vibarua waliokuwa nyuma yake wakafanya vivyo hivyo, mmoja baada ya mwingine, na kreti zao.