Firigisi ya Baba

Mwaka wa tisini na sita nilikuwa na miaka ishirini na moja na nilikuwa na ugomvi na nyumba. Si nyumba yetu ya Kaloleni, hiyo haikuwa na neno. Ni nyumba iliyokuwa ndani ya kompyuta, ya mbao, imesimama juu ya miguu miwili ya kuku. Kila nikikosea ilinigeuzia mgongo, ikachuchumaa, ikanirudisha mwituni nianze upya.

Aliyeitunga alikuwa Vesna, Mserbia, mke wa mhandisi wa maji, aliyekuwa akitufundisha kompyuta pale chuoni Voi. Aliuandika mchezo huo peke yake kwa miaka miwili, bila kampuni wala msaidizi, kutokana na hadithi alizosimuliwa utotoni, za kwao na za Warusi. Hakukuwa na bunduki wala magari humo. Ni mafumbo matupu, na mimi Nasima binti Miraj nilikuwa nimeyafumbua yote isipokuwa moja.

Vesna alikuwa akihamia Mombasa kufungua ofisi ya kutengeneza michezo ya watoto. Alitaka mtu mmoja wa kwenda naye, autie mchezo wake katika Kiswahili. Alituambia wazi kwamba wa kwanza kutoka kwenye nyumba ya miguu ya kuku, kabla ya saa sita mchana Jumamosi, kazi ni yake. Wenzetu walikwisha kata tamaa. Tulibaki wawili, mimi na Danson wa Mwanda, karani mmoja mwenye maringo ambaye hata kukohoa alikohoa kwa Kiingereza. Danson akikosa angerudi kwenye ukarani wake. Mimi nikikosa, baba yangu alikwisha tamka: Taveta, dukani kwa ami Munir, nikapime vitambaa. Sikuvichukia vitambaa. Nilichukia kuvipima maisha yangu yote huku nikijua kwamba mahali fulani kuna nyumba inayotembea na mimi nimeshindwa kuifungua.

Fumbo lenyewe lilikuwa hivi. Msichana amenaswa ndani ya nyumba na ana kikapu chenye vitu vitano: mafuta, mkate, utepe, kitana na firigisi ya kuku. Hiyo firigisi iliandikwa kwa Kiingereza, tukaitafuta kwenye kamusi. Mbele yake wanangoja watano: lango, mbwa, mti, paka, na mtu aliyelala juu ya jiko, lile kubwa la matofali la nchi za baridi ambalo watu hulalia, amejifunika gubigubi, pua tu nje. Juu ya mtu huyo pameandikwa BABA. Kila mmoja apewe chake, basi njia itafunguka.

Ile BABA ilitufurahisha sana. Tulisema Vesna ni mtu wa heshima, ametuwekea neno la kwetu humo ndani. Na hapo hapakuwa na cha kufikiri. Firigisi ni ya baba! Kwetu Waswahili ni hivyo, na kwa kina Danson huko milimani ni hivyo hivyo. Kuku akichinjwa, hata mtoto mdogo anajua kipande kile hakiguswi. Basi baba tukampa firigisi, mbwa mkate, lango mafuta, mti utepe, na paka tukamchana kwa kitana. Nyumba ikatugeuzia mgongo. Tukabadilisha. Mbwa mafuta, lango utepe, mti mkate, kila namna iliyowezekana, wiki sita nzima. Kimoja tu hatukukigusa. Firigisi ilikwenda kwa baba kila mara, maana nani angethubutu kuipeleka kwingine?

Jumamosi hiyo saa tano na nusu nilikuwa kwenye kompyuta ya dirishani, Danson kwenye ile ya ukutani. Jasho lilinitiririka chini ya buibui. Vesna alikaa mezani kwake akiangalia saa ya mkononi, na binti yake Mila, wa miaka mitatu, alikuwa sakafuni akichora.

Ghafla Mila akaruka. "Baba! Baba!" Akakimbilia mlangoni.

Nikajua mhandisi amekuja. Nikasimama upesi, nikajiweka sawa, nikageuka nimsalimu. Mlangoni hapakuwa na mhandisi. Alikuwa ajuza wa Kizungu mwenye kitambaa kichwani, mvi zimemtoka pande zote, pua ndefu, na Mila amemkumbatia magoti akiimba, "Baba, Baba, Baba!"

"Mama yangu," Vesna akasema. "Amefika jana kutoka nyumbani, kuja kukaa nasi."

"Hata mtoto hajui babake," Danson akanong'ona, akarudi kwenye kioo cha kompyuta yake.

Mimi nilibaki nimesimama. Mtoto hakukosea. Mtoto alikuwa anamwita bibi yake! Kwao baba ni bibi! Wiki sita nilikuwa nampelekea bibi kizee nyama ngumu ya kutafuna, na nywele zake hazijachanwa!

Nikakaa kwa kishindo. Kitana nikampa Baba. Kichwa kikatoka kwenye shuka, bibi mwenye mvi timtim, akatabasamu kwa jino moja. Nikazuia kelele kwa kiganja. Lango mafuta, mti utepe, mbwa mkate. Ikabaki firigisi, na akabaki paka.

Hapo mkono ulikataa. Nawaambia kweli, niliona aibu. Nilimwona baba yangu kwenye sahani yake ya Ijumaa, nami namnyang'anya firigisi namtupia paka wa jirani. Saa sita kasoro dakika nane. Nikasema bismillahi, nikampa paka.

Paka akala, akajilamba, akaenda kunifungulia mlango.

"Nimetoka!" Sikusema, nilipiga ukelele, hadi watu wa dukani upande wa pili wakachungulia. Mwitu ulifunguka, miti ikainama, msichana akakimbia na mimi nikilia na kucheka kwa pamoja.

Danson alikuja nyuma ya kiti changu akatazama kikapu kitupu. "Wewe! Umepea paka firigisi? Hauna adabu kabisa!" Kisha akamgeukia mwalimu. "Madam, si fair. Huyu ameambiwa na mtoto."

"Wewe hukumsikia mtoto?" Vesna akamuuliza.

"Nilisikia. Nilidhani amekosea."

Vesna akatuuliza firigisi inahusu nini na adabu, maana kwao vipande hivyo hutupiwa paka tu. Nilipomweleza alicheka mpaka akashika meza, akamtafsiria mama yake, na mama naye akacheka. Danson mwenyewe akashindwa kununa, akanipa mkono.

Kazi ilikuwa yangu, lakini ruhusa ilikuwa ya baba. Mtoto wa kike kwetu haendi kukaa Mombasa kwa neno la mwalimu. Basi tuliongozana, Vesna, mama yake, Mila na mimi, hadi dukani kwetu sokoni.

"Baba!" niliita tangu barazani.

Baba yangu aliinua kichwa kwenye majora ya vitambaa. Bibi naye, nyuma yangu, aliitika kwa lugha yake. Nilisahau kucheka, nilikuwa na hofu.

Vesna alieleza yote kwa Kiswahili chake cha kunyooka. Baba alisikiliza, ameshika rula yake ya chuma.

"Nimefahamu, mwalimu," akasema mwisho. "Kazi ni njema. Lakini mwanangu huko Mombasa atakaa na nani?"

"Atakaa na Baba," Vesna akajibu.

Baba yangu akaweka rula chini. "Na nani amekwambia mimi nahamia Mombasa? Duka hili namwachia nani?"

Nilicheka hadi nikakaa juu ya jora. Vesna akamsogeza mama yake mbele, akasema, "Huyu. Huyu ndiye Baba." Ilibidi nieleze mwanzo hadi mwisho, nyumba, kitana, paka. Nilipofika kwenye firigisi baba aliniangalia kwa jicho moja.

Akamgeukia bibi. Bibi alikuwa ameshika pembe ya leso, akiipima kwa vidole kama mtu anayejua nguo. Wakatazamana, wazee wawili wasio na neno hata moja la kuambiana isipokuwa lile moja. Baba akamkaribisha kiti.

"Nenda, Nasima," akaniambia, sauti imemshuka. "Ila ukiandika barua ya mpendwa baba, hakikisha imefika kwangu."