Dhahabu Mguuni mwa Valerian

Valerian alikuwa bingwa wa dhahabu Geita nzima, na usipoamini angekueleza mwenyewe. Mwaka 1971, katika hospitali moja ya Shinyanga, daktari alimwambia kwamba uvimbe wa unyayoni ni saratani. Angemchoma sindano ya dhahabu yenye mionzi, laini kuliko vumbi, isafiri kwenye mishipa ya limfu hadi tezi za kinena. Bingwa akacheka.

"Daktari, wewe umesoma vitabu, mimi nimesoma mawe. Mikono hii imekanda zebaki miaka ishirini hadi ikaniingia damuni, na zebaki hunasa dhahabu. Yako haitavuka goti."

"Ikifika kinenani, mzee wangu, tunakata uvimbe na unapona. Isipofika, saratani imetangulia, imeziba njia."

"Msikilize, Baba Klara," mkewe Mektilda alimsihi. Bingwa alimsikiliza nani lini?

Kesho yake daktari alipitisha juu ya mguu kifaa kinacholia palipo na mionzi ya ile dhahabu. Kililia unyayoni, kikalia kwenye muundi, kikalia gotini. Kinenani kikanyamaza. Daktari akarudia mara tatu.

Valerian akapiga kitanda kofi. "Nilisema! Imenasa! Andika, Daktari, na jina langu uliandike!"

Daktari hakuandika kitu. Mektilda alikuwa ameshainama, akiifunika shuka miguu ya mumewe polepole, naye bingwa anatusimulia sisi wachimbaji wenzake, tuliosimama mlangoni, mara zote alizowahi kuwashinda wasomi.