Mahali Karatasi Inapolia

Mwalimu wa piano alipewa jina la Mama Mbona, na jina likamkaa sawasawa. Hapiti penye jambo bila kuuliza mbona hili, mbona lile. Mumewe husema hata chai huiuliza mbona imepoa. Kwa udadisi huo, mfuko unaowalipia masomo ya muziki watoto wasioona na wenye uoni hafifu ulimpa yeye kazi ya kuwasikiliza waombaji. Siku moja ilikuwa imebaki nafasi moja tu.

Akaingia binti wa miaka kumi hivi, mama yake nyuma. Binti alipita katikati ya viti bila kugusa hata kimoja, akasimama mbele ya mwalimu na kumwelekezea uso barabara.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Unaitwaje?"

"Nyumbani wananiita Chiriku."

Mama Mbona akamtupia jicho mama mtu. Asiyeona ndiye huyu? Wazazi wapenda vya bure alikwisha kuwaona wengi, na moyoni alianza kuchemka.

Chiriku alitoa kitabu cha noti mkobani, akakifungua juu ya piano, akaanza. Wimbo ulitoka mtamu, hauna papara. Macho hayakubanduka kitabuni, na kila baada ya muda mkono uliruka, ukafunua ukurasa, ukarudi kazini. Mama Mbona akakata shauri: mtoto anayesoma noti namna hii ampishe mwenye shida. Aliinuka akamwambie mama mtu. Lakini mdadisi ni mdadisi. Alipopita nyuma ya binti alichungulia ni wimbo gani huo.

Kitabu kilikuwa kimepinduliwa, juu chini, chini juu.

Alisimama hapo akiwa haelewi. Mistari ya noti ni mitano, na hata ukiipindua hubaki mitano. Lakini kurasa zile zilifunuliwa kwa kufuata nini?

"Chiriku, mbona umefunua ukurasa pale?"

"Si ndivyo wimbo ulivyo, mwalimu? Dada wa jirani akiupiga, akifika pale karatasi hulia. Halafu anaendelea."

Mama Mbona akaangua kicheko, kisha kikamkauka mdomoni. Aliinama karibu na binti.

"Mwanangu, humo kitabuni unaona nini?"

Vidole vya Chiriku viliteleza kutoka kwenye piano. "Nikisema, utanifukuza kama yule mwalimu mwingine?"

Mama yake ndiye aliyejibu. "Alisema hamfundishi asiyesoma noti. Basi nikamkanya mwanangu: mbele za watu asiinamie vitu, asisogeze uso, ajikaze aonekane anaona. Hata viti hivi nilimweleza pale mlangoni."

"Lakini mfuko huu ni wa watoto kama yeye!"

"Najua, mwalimu. Nilidhani hata humu mtamchagua mwenye afadhali."

Mama Mbona aliona haya kwa hasira aliyokuwa nayo.

"Nafasi ni yake," alisema. "Noti za kusoma kwa vidole zipo, nitamfundisha. Na akitaka kutazama kitu, akitazame mpaka pua ikiguse."

"Kitu chochote?" Chiriku aliuliza.

"Chochote."

Binti aliteremka kwenye kiti, akaenda moja kwa moja kwa mama yake, akamshika mashavu na kuinua uso. Mama, kwa mazoea, alimwangalia mwalimu, akataka kurudi nyuma. Kisha akapiga magoti. Chiriku alisogea hadi kope zao zikakaribia kugusana, akatazama jicho moja, akahamia la pili, bila haraka.

"Kumbe ni machozi," alisema. "Mama, mimi siku zote nilidhani una mafua."