Mshale wa Mia na Tisini

Tusidanganyane, abiria wa njia ya Bijombo ni wakaidi. Ukiwaambia injini inachemka, shukeni mpande kidogo kwa miguu, wanajifunika kitenge usoni na kujifanya wamelala juu ya magunia. Placide alikuwa amewapandisha milimani miaka minne kwa pikapu yake kuukuu, na kwenye ule mpando mrefu hakuwahi kuona hata mmoja aliyeshuka kwa hiari yake.

"Nyinyi madereva munasemaka uongo," walimwambia. "Unataka gari ipumuzike, sisi tuteseke."

Na kweli alitaka lipumzike. Injini ilikuwa imechemka mara mbili palepale mpandoni. Mara ya pili mekanisiye wake aliifungua, akaguna, akamwambia ikichemka tena asihangaike kumletea, aiuze kama vyuma. Placide hakulala siku mbili. Pikapu ndiyo iliyokuwa ikimlisha yeye na mkewe Célestine, na sasa Célestine alikuwa mjamzito. Akajisemea, kama watu hawamwamini dereva, labda wataamini kipimo. Kile kilichokuja na gari kilikwisha kufa, mshale wake umelala chini tangu siku aliyolinunua.

Akaenda kwa Noella, muuza vipuri wa Kilibula, ambaye walisoma naye. Noella akamtandikia vipimo mezani: cha mafuta ya injini, cha betri, na viwili vya joto.

"Kwa tablo, mbele ya usukani, iko nafasi ya kimoja tu," Placide alisema.

"Basi kamata ya joto. Hii nzuri, inafika mia na ishirini. Na usiku inawakaka kijani."

"Na ile ingine?"

"Ile uiache. Inafika mia mbili na makumi nane, inahesabu joto kama Wamarekani. Kwa ile, maji inachemka kwa mia mbili na kumi na mbili. Gari ikiwa nzima kabisa, mshale unakaa mia na tisini na kitu. Watu wawili wameishanirudishia, eti inawatia bwoga."

Placide akakiinua kile kipimo, akakigeuza kwenye mwanga wa mlango. "Inaandikwa wapi kama ni ya Wamarekani?"

Noella akamwonyesha herufi moja, F, ndogo kama chawa, chini kabisa ya mshale. Placide akaitazama kwa muda, kisha akacheka peke yake. Noella alimjua tangu darasa la tatu, na kicheko kile hakikumpendeza hata kidogo.

"Placide, unataka kufanya nini?"

"Kuokoa moteri yangu," akasema, na hapo kwa kweli hakudanganya.

Alikifunga katikati ya tablo, kikielekea upande wa abiria. Ile herufi akaifunika kwa kipande cha utepe mweusi. Njia nzima ya tambarare alikitundikia kofia yake, maana hata huko mshale ulikaa mia na tisini. Wakifika chini ya mpando, anaiondoa kofia polepole, anashusha pumzi.

Wa kwanza kunaswa alikuwa Mwalimu Dieudonné, mstaafu aliyefundisha sayansi miaka thelathini. Mzee huyu hupenda kukaa mbele na hashuki hata kwa mvua ya mawe. Siku hiyo alivaa miwani, akasoma mshale, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Mia na tisini na tano," alisema kwa sauti ndogo. "Maji inachemka kwa mia moja. Nimefundisha minye mwenyewe." Akafungua mlango gari likiwa bado linatembea. Akawaelimisha na wale wa juu ya magunia, nao wakateremka wakisukumana. Pikapu ikapanda nyepesi, Placide akiimba ndani peke yake. Kileleni akarudisha kofia, akatangaza kwamba imepoa. Ikawa hivyo wiki baada ya wiki. Watu walishuka kabla hajawaomba, na wengine walimsifu kwa ujasiri wake.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Célestine akajifungua, na mama yake, Mama Generose, akashuka kutoka Bijombo kuja kumtazama mjukuu. Alikaa majuma mawili, halafu akataka kurudi kwake. Nani wa kumpandisha kama si mkwe wake mwenye gari?

Placide alimheshimu mama mkwe kama inavyotakiwa. Hakumtazama usoni, hakugusana naye, na neno la kumwambia alilipitishia kwa mtu mwingine. Ndani ya kabini mama alikaa dirishani, Mwalimu Dieudonné akakaa katikati kama ukuta. Placide alikuwa ameapa moyoni kwamba leo kofia haiondoki. Wakifika mpandoni atawabembeleza wale wa juu washuke, mama abaki amekaa.

Walipofika, kabla hajasema kitu, Mwalimu kwa mazoea yake akaiondoa kofia mwenyewe.

"Mia na tisini na saba," akasema. "Tushuke."

"Leo si mbaya sana, Mwalimu," Placide alisema haraka. "Mama anaweza kubakia."

"Unataka kupika mama mukwe wako?"

Mama Generose hakungoja Mwalimu ajibiwe. Alifungua mlango, akashuka, akakaza kitenge kiunoni na kuanza kupanda, akichechemea, maana goti lake la kulia lilikuwa bovu. Abiria wote wakashuka. Kisha wakasimama kando ya barabara wakimtazama Placide. Mkwe gani anakaa kwenye kiti huku mama mkwe wake anapanda mlima kwa miguu? Placide akazima injini, akashuka.

Sasa nani ataendesha? Mwalimu Dieudonné alikuwa na leseni, aliwahi kuendesha lori la parokia. Akashika usukani kwa mikono miwili, akatazama mshale, akaiweka mikono magotini.

"Siwashi moteri mpaka ifike chini ya mia moja," alisema. "Minye sitaua gari ya muntu."

Chini ya mia moja, kwa kipimo kile, ni joto la mtu mwenye homa ndogo. Na jua lilikuwa kali. Ilipita nusu saa, mshale ukawa mia na themanini. Ikapita saa nzima, mia na sitini. Mama Generose alikuwa ameshindwa hatua chache tu mbele ya gari, amekaa juu ya jiwe, akilisugua goti lililoanza kuvimba. Juu ya milima mawingu yalijaa, na kila mtu pale alijua mvua ikikuta gari mpandoni, halipandi tena mpaka kesho kutwa.

Placide alizunguka gari mara tatu. Akisema kweli, hawa watu hawatashuka tena maisha yao yote, na injini itakufa. Akinyamaza, mama wa mke wake atalala njiani na goti lile. Aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Mwisho akaingiza mkono dirishani, akabandua utepe.

"Mwalimu, soma hapa."

Mwalimu akasoma, halafu akafumba macho. "F," alisema. "Farenaiti. Na minye nilifundisha hii kitu."

Placide akaeleza yote, macho yake ardhini. Abiria wakachachamaa, mmoja akaokota jiwe, mwingine akaapa hatapanda tena gari la mshenzi yule. Mama Generose akainua mkono, wakanyamaza.

"Mwalimu, muulize mukwe wangu. Kwa nini hakuwaomba tu bashuke?"

"Mwalimu, umwambie Mama niliomba miaka mine," Placide alijibu. "Hawakushuka."

Mama akawageukia wale abiria, akawatazama mmoja mmoja bila haraka. Yule wa jiwe akaliweka chini taratibu.

"Sawa," mama alisema. "Minye nitakaa mbele. Mwalimu ataendesha. Bale banye kukataa kushuka batatembea, leo na siku zote. Na mukwe wangu, kwa sababu anapendaka gari yake hivi, atasukuma."

"Lakini Mama, gari ni nzima," Mwalimu alisema. "Haihitaji kusukumwa."

"Najua," alijibu Mama Generose, akifunga mlango.

Abiria wakapanda mlima kando ya barabara wakicheka mpaka wengine wakakaa chini. Placide akaweka mikono nyuma ya pikapu yake, akainama, akalisukuma gari lililokuwa likienda lenyewe, mpaka kileleni.