Kibuyu cha Machage

Kornelio alifika na pikipiki yake asubuhi, umande ukiwa bado juu ya majani ya mihogo. Alikuja kumchukua dada yake amrudishe kwao Nyarero.

"Shikamoo mama," alimwamkia mama Rhobi, aliyekuwa ameketi mlangoni pa jiko akichambua mboga.

"Marahaba. Hawajambo huko kwenu?"

"Hawajambo."

Basi, mazungumzo yakaishia hapo. Kornelio hubeba abiria pale Sirari, na masikio yake yamezoea kelele za madereva wa malori. Aliutazama ule ua kama mtu aliyeingia kanisani siku isiyo ya ibada.

"Nyie mnaishije humu?" alimnong'oneza dada yake, Bhoke. "Hata kuku wenu wanatembea kwa kunyata."

Bhoke alimpa begi alifunge nyuma ya pikipiki. Hakucheka. Hakukasirika pia. Tangu mwanawe azikwe, mambo yote yalimpitia kwa mbali, kama redio ya jirani. Uji haukuwa na ladha. Maji ya kuoga, yawe ya moto au ya baridi, yalikuwa maji tu.

Mwenye nyumba hii alikuwa mama Rhobi. Alifiwa na mume asiyeacha mtoto wa kiume, akatoa ng'ombe akamwoa Bhoke kwa ile desturi ya Wakurya ya nyumba ntobhu, ili watoto atakaowazaa wawe wa nyumba ile. Mwanaume wa kuzaa naye, Felix wa kijiji cha pili, alikuwa akija na kuondoka. Mtoto alipozaliwa, tena wa kiume, mama Rhobi alimpa jina la marehemu mumewe, Machage, akawa anamwita mzee wangu. "Mzee wangu ameshakula?" "Mzee wangu leo amenikojolea, heshima imekwisha nyumba hii!" Walicheka sana siku hizo. Kisha masika yakakata barabara, homa ikaingia, na mzee yule ambaye hata meno hayajatimia akaenda zake.

Siku ya mazishi wanawake wa kijiji chao cha Nyanungu walilia mpaka sauti zikawakauka. Bhoke hakulia. Alisimama macho makavu kama jiwe la kusagia, akisikia minong'ono nyuma yake. Matanga yalipokwisha, mama Rhobi alimwekea kanga mpya kitandani, akasimama mlangoni, akasema, "Ukiwa tayari, mwambie Felix aje."

Ni hayo tu. Bhoke aliitikia, "Ndiyo mama," na kitu ndani yake kikajifunga. Alielewa kwamba Machage alikuwa mbegu iliyooza, na sasa shamba lilitakiwa kupandwa tena. Alifundishwa kwao kwamba mke humeza maneno, na aliyameza hayo kama alivyomeza mengine. Ndipo akamwita kaka yake.

"Mambo ya ng'ombe wataongea wazee," alisema Kornelio akikaza mipira ya kufungia mzigo. "Wewe panda twende, jua halijawa kali."

"Subiri kidogo."

Kulikuwa na kitu kimoja alichotaka kuondoka nacho: kibuyu kidogo ambacho Machage alinywea maziwa. Kilitundikwa ukutani ndani ya jiko, nyuma ya mlango. Alitarajia kukikuta na vumbi na utando wa buibui. Alipokishusha kilikuwa na joto. Akakifungua. Harufu ya moshi mpya ikampiga usoni, na ndani mlikuwa na maziwa.

Kibuyu hufukizwa kwa kijiti chenye kaa la moto, kinasuguliwa ndani mpaka kinuke vizuri, ndipo maziwa hutiwa. Hakuna mtu anayejisumbua kufukiza kibuyu kisicho na mnywaji.

"Mama, nani amefukiza hiki?"

Mama Rhobi hakuinua macho kutoka kwenye mboga zake. "Mimi."

"Leo?"

"Kila siku. Asubuhi natia maziwa, jioni nampa ndama." Alitupa jani bovu pembeni. "Usiwaambie watu. Watasema bibi kizee amerukwa na akili."

Bhoke alikaa chini, kibuyu kikiwa mapajani. Ile "ndiyo mama" yake ilikuwa tayari mdomoni. Angeisema, angeinuka, angepanda pikipiki. Lakini aligundua kwamba ameichoka kuliko kitu kingine chochote.

"Mama, mimi sisikii kitu," alisema. "Tangu siku ile. Sijalia kwa sababu hakuna kinachokuja. Na uliponiambia nimwite Felix, niliona mwanangu hakuwa mtu kwako. Niliona unataka tumbo langu tu. Ndiyo maana naondoka."

Nje Kornelio alipiga honi. Hakuna aliyegeuka.

"Na mimi nilikuchukia," alisema mama Rhobi.

Bhoke alimtazama.

"Hukulia. Nikasema moyoni, mtoto wa watu amefunguliwa kamba, amefurahi. Na lile neno la Felix…" Mikono yake ilisimama juu ya mboga. "Nilipozika mtoto wangu wa kwanza, mama mkwe wangu aliniambia vilevile. Na wa pili hivyohivyo. Beba mwingine, utasahau. Nilimchukia mpaka anaingia kaburini. Halafu siku ile nimesimama mlangoni kwako sina neno la kukupa, nikafungua mdomo, akatoka yeye."

Bhoke alikizungusha kibuyu mapajani.

"Pale kaburini," Bhoke alisema taratibu, kwa maana jambo hili hakuwahi kumwambia mtu, "mchungaji alikuwa anaomba, mimi namtazama mbuzi. Yule aliyefungwa kwenye ghala. Alikuwa anatafuna kanga ya Agustina."

Mama Rhobi aliinua kichwa. "Ile ya njano?"

"Ile."

"Alikuwa ameshafika kwenye maandishi."

"Kumbe ulimwona!"

"Nilimwona, mwanangu! Nalia huku namwombea amalize. Kanga aliyotuvimbia nayo majirani wote tangu Krismasi!"

Kicheko kilimtoka bibi yule kama kikohozi, kikamtikisa mabega, kikaendelea, na katikati yake kikageuka. Alilia mdomo wazi, bila kujifunika uso. Bhoke hakulia. Alisogea tu mpaka bega lake likagusa la mwenzake.

"Silii, mama. Usidhani ni…"

"Najua. Umeshaniambia."

Kornelio alitokea mlangoni na funguo mkononi. "Dada, si tuondoke? Nimechoka kupiga honi!"

"Fungua begi."

"Nini? Mipira nimeikaza mpaka jasho limenitoka!"

"Ifungue tu, kaka. Nyumbani nitakuja kusalimia. Waambie moyo wangu unaumwa. Waambie hivyohivyo, usipambe."

Kornelio aliwatazama wote wawili, akafungua mdomo ili atanie, akaufunga. Alirudi kwenye pikipiki akilaani mipira.

"Na Felix," Bhoke alisema, "sijui kama nitamwita. Labda sitamwita kabisa."

Mama Rhobi alijifuta uso kwa ncha ya kanga. Jina la nyumba nzima lilining'inia kwenye neno hilo, na wote wawili walijua. Alichambua jani moja, kisha la pili.

"Sawa," alisema.

Bhoke alikishika kibuyu kwa mikono miwili. Jioni ilikuwa mbali, na ndama alikuwa malishoni. Akanywa funda moja, akakaa nalo mdomoni, uso ukakunjamana kidogo.

"Mkaa umezidi," alisema, akampa mama Rhobi.

Mama Rhobi naye akanywa. "Machage hakuwahi kulalamika."