Moshi wa Nyumba Tupu

Komeo lilisema tak, taratibu, jogoo akiwa bado kalala. Bibi alikuwa anatoka na makaa kwenye kopo.

"Umeamua kweli?" mumewe aliuliza kutoka kitandani, mguu wake wenye kidonda ukiwa juu ya mto.

"Leo anakuja karani wa kuhesabu kaya. Zisipotimia kumi, nesi hapandi tena huku. Kidonda utakiosha kwa mate?"

"Basi anzia kwa mfinyanzi. Dohani yake ina kiburi, hukawia kutoa moshi."

Alipita nyumba kwa nyumba, zote tupu, wenyewe wamehama, funguo kaachiwa yeye. Kwa mfinyanzi, kwa mwalimu, kwa dada yake aliyewafuata wanawe bondeni. Kila jiko akaliwekea makaa na kuni mbichi, litoe moshi mzito. Akacheka peke yake. Mababu waliokimbilia mlima huu na mbuzi wao, enzi za mabwana wa ngome, walitozwa kodi kwa moshi: moshi mmoja, gunia moja. Mtoza kodi akionekana bondeni, kijiji kizima kilizima moto, watoto wakala viporo. Baadaye wakaja wageni na bendera yao, wakahesabu vichwa. Watu wakalala porini. Karne nenda, karne rudi, watu wa hapa walijificha wasihesabiwe.

Karani alifika akihema, viatu vya mjini vimejaa tope. Akabisha kwa mfinyanzi. Kimya. Kwa mwalimu. Kimya.

"Wako shambani," bibi alisema.

"Wote, bibi? Na kufuli ziko nje?"

Bibi alitazama chini. Karani hakumcheka. Aliomba funguo, akazunguka naye kuzima majiko yote, nyumba zisije zikaungua. Kisha akambebea kuni hadi kwake, akamsaidia mzee kugeuza mguu.

"Mimi nahesabu watu, babu, si moshi. Nikidanganya, atatumwa mwingine kuhakiki."

"Kwa hiyo tuko wangapi?"

"Wawili."

"Andika watatu. Huu mguu ulivyovimba, ni mtu mzima."

Karani akacheka. Akaandika wawili.

"Ajabu," mzee alisema. "Walipotaka kuchukua, walituona hata tulipozima moto. Leo zamu ya kutoa, hatuonekani hata tukiwasha."

Bibi alimsindikiza karani hadi njia inapoanza kuteremka.

"Umeniona mwongo, mjukuu wangu."

"Nimeona una mgonjwa, bibi."

"Basi uje tena. Nesi asipokuja, njoo hata wewe. Nitawasha moto mmoja tu, wa chai."